Kupigwa tochi safarini: faini ya mwendo kasi na yanayofuata, Dar es Salaam hadi Asiatique

Mfanyabiashara mwenye ghala mtaa wa Asiatique, Bujumbura, akiambiwa kuwa lori lake lililotarajiwa Alhamisi litaingia Jumatatu, kwa kawaida husikia sababu mbili: mizani au mpaka. Iko ya tatu, ambayo madereva hawapendi kuitaja kwenye simu. Dereva amepigwa tochi, jambo halikumalizwa palepale, na gari limelala kituo cha polisi.

Faini yenyewe si kubwa. Tanzania, ambako sehemu kubwa ya safari ya Dar es Salaam hadi Bujumbura hupita, kosa moja la barabarani kwa gari hulipiwa shilingi 30,000 za nchi hiyo, kiasi kisichozidi dola 15 za Marekani. Gharama halisi ya kosa la mwendo kasi iko kwingine: siku za kontena, mkataba na mteja, leseni ya dereva, na mara nyingine uhuru wake. Sehemu kubwa ya gharama hizo huamuliwa na kile dereva anachofanya katika nusu saa ya kwanza baada ya kusimamishwa.

Makala hii inahusu hasa Ukanda wa Kati, yaani barabara ya Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Manyoni, Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi hadi mpaka wa Kabanga na Kobero. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,500, na ndiyo njia kuu ya bidhaa za Asiatique. Burundi ilipofunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, hata mizigo iliyozoea kupita Kigali ililazimika kutafuta njia ya Tanzania.

Mwendo unaoruhusiwa

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973, pamoja na marekebisho yake, inaweka mambo mawili ambayo dereva wa lori anapaswa kuyajua kwa moyo. Ndani ya makazi ya watu, gari lolote lisizidi kilomita 50 kwa saa. Nje ya makazi, gari la biashara lenye uzito wa zaidi ya kilo 3,500 lisizidi kilomita 80 kwa saa, hata kama barabara ni nyeupe na imenyooka hadi upeo wa macho.

Wengi hukamatwa kwenye 50, si kwenye 80. Kibao cha 50 huwekwa mwanzo wa kijiji, na kibao cha kuondoa katazo huwekwa mwisho wake. Katikati kunaweza kuwa na shule, soko na stendi ya bodaboda, au nyumba tano tu na miti ya maembe. Kwa sheria ni mamoja. Dereva anayeongeza mwendo kwa sababu nyumba zimekwisha, kabla hajakiona kibao cha mwisho, bado yumo ndani ya 50. Askari wa tochi wanalijua hilo kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana mara nyingi hukaa karibu na mwisho wa kijiji kuliko mwanzo wake.

Lipo na suala la gari tupu. Malori mengi huingia Bujumbura yakiwa yamejaa na kurudi Dar es Salaam matupu, kwa kuwa Burundi huagiza mizigo mingi kuliko inavyouza nje. Lori tupu ni jepesi, dereva ana hamu ya kuwahi foleni ya kupakia, na mguu husahau. Mwenye gari anayefuatilia safari za kwenda tu na kuacha za kurudi anatazama nusu ya hatari.

Haraka hiyo inalipa nini? Dodoma hadi Singida ni kama kilomita 240. Kwa mwendo wa 80 bila kusimama ni saa 3. Kwa mwendo wa 95 ni saa 2 na dakika 32. Faida ni dakika 28, na kusimamishwa mara moja tu na kuandikiwa huzimaliza.

Dakika za mwanzo

Tochi ni kifaa kinachopima mwendo na kupiga picha. Picha huonyesha gari, mwendo, tarehe na saa. Mara nyingi askari anayepima si yule anayesimamisha: mmoja yuko nyuma na kifaa, mwenzake yuko mbele na anapokea taarifa. Kwa hiyo dereva anaweza kusimamishwa kilomita kadhaa baada ya kosa, akiwa ameshapunguza mwendo na akiamini kwa dhati kwamba hakukosea.

Jambo la kwanza ni kuomba kuiona picha, kwa adabu, bila kushuka na hasira. Kuna mambo manne ya kuangalia: namba ya gari ni yake, mwendo ulioandikwa, saa, na mahali. Namba ni muhimu kwa sababu semi hubeba namba mbili, ya kichwa na ya tela, na malori ya kampuni moja hufuatana yakiwa na rangi moja. Ikiwa gari lina kifaa cha kufuatilia safari, mwenye gari aliyeko Bujumbura anaweza kufungua rekodi saa ileile na kulinganisha mwendo na mahali. Rekodi ikimuunga mkono dereva, ihifadhiwe papo hapo. Ikimkana, ubishi ukome na malipo yafanyike.

Jambo la pili ni karatasi. Kosa likiandikwa kwenye mashine ya polisi, hutoka stakabadhi yenye namba ya malipo ya serikali, ile ambayo madereva huiita kontro namba. Hulipwa kwa simu, kwa wakala au benki. Dereva wa Burundi asiye na laini ya Tanzania hakwami hapa: wakala yeyote wa pesa za simu anaweza kumlipia akipewa namba hiyo. Ujumbe wa kuthibitisha malipo upigwe picha na utumwe kwa mwenye gari kabla safari haijaendelea. Karatasi ya mashine hufifia kwa joto la kwenye dashibodi, na baada ya wiki mbili haisomeki.

Pesa isiyo na namba ya malipo si faini. Hili husemwa sana na kupuuzwa sana, kwa sababu noti ya mkononi huonekana rahisi kuliko shilingi 30,000. Mbali na kuwa kosa la jinai kwa anayetoa na anayepokea, haimalizi chochote: kosa likiwa limeshaingizwa kwenye mashine, deni linabaki palepale, na dereva amelipa mara mbili.

Deni hufuata namba ya gari

Faini isiyolipwa kwa wakati huongezewa adhabu ya kuchelewa. Zaidi ya hapo, hubaki kwenye mfumo wa polisi wa Tanzania, ambamo deni linaweza kutafutwa kwa namba ya gari, namba ya leseni au namba ya kumbukumbu. Askari wa kituo kingine, siku nyingine kabisa, akiingiza namba ya gari huona yote yaliyoachwa nyuma.

Ndiyo maana dereva anayekubali kuandikiwa, akaweka karatasi mfukoni na kuondoka bila kumwambia bosi, huwa anamwachia mwenzake mzigo. Safari inayofuata lori hilo huendeshwa na mtu mwingine, nalo husimamishwa kwa madeni asiyoyajua. Makampuni yenye utaratibu hukagua namba za magari yao yote kwenye mfumo huo kabla ya kila safari, kazi ya dakika chache kwa karani mwenye simu. Anayenunua lori lililotumika Tanzania afanye vivyo hivyo kabla ya kutoa fedha. Mauzo yakishapita, mabishano kuhusu makosa ya nani ni ya nani hayaishi.

Kulipa au kwenda mahakamani

Kulipa faini ya papo kwa papo ni kukiri kosa. Dereva asiyekubali ana haki ya kukana na kutaka shauri lake lipelekwe mahakamani. Haki hiyo ni ya kweli, lakini ina bei, na mwenye gari aipime kibiashara: mdai wa haki atakaa siku ngapi Manyoni au Kahama, na kontena litakuwa wapi wakati huo? Kwa kosa moja la kawaida, ambalo picha yake inaonekana vizuri, kukana ili kuokoa shilingi 30,000 ni hasara hata ukishinda.

Hesabu hubadilika pale kosa lenyewe linapokuwa zito. Mwendo uliopita kiasi kikubwa unaweza kuandikwa kuwa uendeshaji wa hatari, na hapo si faini ya papo kwa papo tena. Kukiwa na aliyejeruhiwa au kufa, shauri ni la jinai kamili: mahakama inaweza kutoa kifungo, faini kubwa na kumfungia dereva leseni. Katika hali hiyo dereva asisaini maelezo asiyoyaelewa, asikiri ili aachiwe haraka, na apate wakili kabla ya kusomewa shtaka. Ushauri wa mitaani kwamba "kubali yaishe" unafaa kwa 30,000. Kwa shtaka la kusababisha kifo unaweza kumgharimu mtu miaka.

Kuhusu lugha, dereva wa Burundi anayejua Kiswahili ana nafuu Tanzania. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama nchini humo, na anaweza kufuata shauri lake mwenyewe bila kutegemea mkalimani. Asiyekijua vizuri, kama wapo wengi waliokulia Kirundi na Kifaransa, aombe mkalimani waziwazi.

Dhamana ndiyo kikwazo cha mgeni. Polisi na mahakama hutaka mdhamini anayepatikana, mwenye makazi yanayojulikana, na dereva wa Bujumbura hana ndugu Nzega. Kwa kawaida anayeokoa jahazi ni wakala wa forodha wa Dar es Salaam au msafirishaji mwenzake wa Tanzania. Msafirishaji mwenye busara hupanga jambo hili mapema: namba mbili za watu waliokubali kuwa wadhamini, zimeandikwa kwenye karatasi ndani ya gari, si kwenye simu ambayo inaweza kuzimika au kuchukuliwa. Raia wa kigeni aliyekamatwa ana haki pia, chini ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963, ubalozi wake ujulishwe akitaka. Burundi ina ubalozi Tanzania na konseli mjini Kigoma.

Mzigo usimame na dereva?

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na mara nyingi bila sababu. Dereva akizuiliwa, wamiliki wengi hudhani mzigo nao umezuiliwa. Si lazima iwe hivyo. Ikiwa gari lenyewe halishikiliwi kama kielelezo, dereva mwingine mwenye leseni ya daraja linalofaa anaweza kutumwa kuliendeleza. Lakini mzigo wa transiti una masharti yake: una hati za forodha zenye jina la gari na njia, una dhamana ya forodha, na mara nyingi una lakiri ya kielektroniki inayotuma mahali lilipo gari. Lori likisimama mahali pasipotarajiwa kwa muda mrefu, mamlaka ya mapato huliona. Wakala wa forodha aarifiwe siku hiyohiyo, kwa maandishi, aeleze sababu ya kusimama na jina la dereva mpya. Kubadilisha kichwa cha lori, au kuhamisha mzigo, bila idhini ya forodha ni kuongeza kosa la pili lililo kubwa kuliko la kwanza.

Kontena nalo lina saa yake. Kampuni za meli hutoa siku za bure, kisha hutoza kila siku ya ziada hadi kontena tupu lirudi. Tuseme, kwa mfano tu, tozo ni dola 20 kwa siku na gari limesimama siku 4: ni dola 80 kwa kontena, mbali na chakula cha dereva, ulinzi wa gari na safari nyingine iliyokosa gari. Faini iliyoanzisha yote hayo haikufika dola 15.

Bima pia ieleweke vizuri. Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Burundi na Tanzania zote zimo, hulipa madai ya watu wengine walioumizwa au kuharibiwa mali na gari lako nje ya nchi yako. Hailipi faini hata moja. Na kampuni ya bima inayolipa baada ya ajali husoma ripoti ya polisi: ikiandikwa humo kuwa chanzo ni mwendo kasi, mwenye gari ajiandae kwa maswali kuhusu fidia ya gari lake mwenyewe, na kwa bei ya mwaka unaofuata.

Kwa wanaopita Mombasa

Kenya ina ngazi zilizo wazi, zilizowekwa na kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016. Anayezidisha kilomita 1 hadi 5 kwa saa huonywa. Kilomita 6 hadi 10 ni shilingi 500 za Kenya, 11 hadi 15 ni 3,000, na 16 hadi 20 ni 10,000. Zaidi ya 20 hakuna faini ya papo kwa papo: ni mahakamani. Kwa lori ambalo kikomo chake ni 80, hiyo ina maana kuwa kuonekana kwenye 101 ni kupoteza angalau siku moja. Magari ya biashara hutakiwa pia kuwa na kidhibiti mwendo, na kilichochezewa ni kosa la peke yake.

Uganda ilianza kutoza faini kwa kamera za moja kwa moja Juni 2025, ikazisitisha siku chache baadaye kufuatia malalamiko ya madereva. Tochi za askari na faini za kawaida hazikuhusika na usitishaji huo. Rwanda ina kamera nyingi za barabarani, ambazo wenyewe wamezipachika jina la Sofiya, na huko ujumbe wa faini humfikia mwenye gari kwa simu.

Baada ya Kobero

Ukishavuka Kobero, kanuni inayotawala ni ile ya usalama barabarani ya mwaka 2012, na askari ni polisi wa barabarani ambao Bujumbura huitwa kwa Kifaransa, roulage. Tochi si hadithi kubwa hapa kama ilivyo Tanzania. Hadithi ni mteremko. Barabara ya kitaifa namba 1 hushuka kutoka Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hadi Bujumbura kwenye mita 770 na kitu kando ya Ziwa Tanganyika, kwa kona zisizokwisha. Waendesha baiskeli wenye mikungu ya ndizi na magunia ya makaa hushuka humohumo, na wakati wa kupanda hujishikiza nyuma ya malori. Lori lililoanza mteremko kwa gia kubwa haliwezi kuokolewa na breki peke yake: breki hupata moto na kuacha kushika. Nguvu ya kusimamisha gari kwa mwendo wa 80 ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya 50, na mzigo wa tani 25 haujui kuwa umefika nyumbani.

Askari akichukua leseni au kadi ya gari, ile carte rose, dereva adai karatasi inayoonyesha kilichochukuliwa, na nani, na wapi. Faini ya serikali ilipwe mahali pa kulipia fedha za serikali na stakabadhi itolewe. Bila karatasi hiyo, kesho yake askari wa kona nyingine atamwona kama mtu anayeendesha bila leseni.

Nani anatoa fedha

Kisheria mwendo kasi ni kosa la aliyeshika usukani. Kiutendaji, mwenye gari hulipa ili lori litembee, kisha hukata kwenye posho ya safari, na ugomvi huanzia hapo. Madereva hulalamika kuwa wanapangiwa siku zisizowezekana, hulipwa kwa safari na si kwa mwezi, halafu wakikamatwa wanaambiwa ni shauri lao. Wenye magari nao hujibu kuwa hakuna aliyeagiza mtu apite kijijini na 85. Pande zote mbili zina hoja, ila ya madereva hupewa uzito mdogo kuliko inavyostahili: anayeahidi mteja siku ambayo haifikiki kwa mwendo wa 80 ameshiriki kosa kabla gari halijatoka bandarini.

Baadhi ya wasafirishaji wameumaliza ugomvi huo kwa ukurasa mmoja wa maandishi unaosainiwa kabla ya safari. Unasema faini ya mwendo ni ya dereva, isipokuwa picha au rekodi ya gari ikionyesha vinginevyo. Faini za ubovu wa gari, taa, matairi na hati ni za mwenye gari. Dereva anayeripoti faini siku hiyohiyo hukatwa kiasi cha faini tu, na anayeificha hukatwa pamoja na nyongeza ya kuchelewa. Nakala moja hubaki ofisini Bujumbura, nyingine hukaa kwenye kabati ya gari pamoja na Kadi ya Njano, hati za transiti na zile namba mbili za wadhamini.